Mjukuu wangu hakuharibu Kiingereza, alisema cha kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na kwa kawaida gazeti nalisoma kimya kimya. Naanza na matangazo ya vifo, namalizia na msimamo wa ligi, basi. Safari hii nimeshika kalamu kwa sababu ya wino mwekundu.

Mjukuu wangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu kwenye shule moja ya Kiingereza hapa mjini. Shule siitaji, watu wanatafuta riziki zao, na walimu wa pale wengi ni wazuri. Lakini mwezi uliopita mtoto alirudi na daftari lenye duara nne nyekundu. Darasani walikuwa wanasoma kwa sauti mmoja mmoja, mwalimu akiandika maneno ambayo kila mtoto ameyaharibu. Ya kwetu yalikuwa "bus", "cup", "love" na "grass". Chini yake mwalimu akaandika, kwa Kiingereza, kwamba matamshi ya mtoto ni mabaya kwa sababu ya athari ya lugha mama, na kwamba mzazi anashauriwa kumlipia kipindi cha ziada cha lafudhi, shilingi 80,000 kwa muhula.

Nikamwambia mtoto, "Hebu msomee bibi yako." Akasimama wima kama wanavyofundishwa, mikono nyuma. "Bus" akaitamka kwa u, u ileile ya mbuzi. "Cup" ikawa kup. "Love" ikawa luv, u hiyohiyo tena. "Grass" akaikata fupi, kwa a ya kasa, wala hakuivuta kama wasomaji habari wa zamani wa BBC. Nilikuwa nimekaa mkekani nachambua mchele. Nilicheka hadi machozi, mtoto akadhani namcheka yeye, ikabidi nimvute nimkumbatie.

Mhariri, mtoto yule hakuharibu neno hata moja. Amezaliwa Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alikulia huko tangu akiwa na umri kama huo wa mwanawe. Alichokisoma mtoto ndicho Kiingereza cha huko, u kwa u na a kwa a. Kwa hiyo mwalimu alipoandika "athari ya lugha mama" alisema kweli kuliko alivyojua. Ni lugha ya mama yake hasa! Na mama mtu aliichota kwa Waingereza wenyewe, kwenye shule ya serikali, bila kulipa hata senti ya kipindi cha lafudhi.

Na si Newcastle peke yake. Kuanzia katikati ya Uingereza kupanda juu hadi mpaka wa Uskoti, watu mamilioni wanapanda "bus" ya u na kunywa chai kwenye "kup". Wataalamu wa lugha wanasema u hiyo ndiyo kongwe. Walioibadilisha ni watu wa kusini, upande wa London, kwenye karne ya 17, na a ndefu ya "grass" wakaianza baadaye zaidi. Kwa maneno mengine, mjukuu wangu kawekewa duara jekundu kwa kutamka Kiingereza cha mababu.

Kuna la pili, ambalo mwalimu hakuliandika ila mtoto alinisimulia wakati wa kula. Alitaka penseli, akamwambia jirani yake, "Give us a pencil." Mwalimu akamsikia, akauliza, "Kwani ninyi wangapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Newcastle ukisema "give us" unajisemea wewe mmoja tu, hakuna wingi wowote. Hapa, kusema haki, nasimama na mwalimu nusu. Kwenye mtihani wa taifa hakuna msahihishaji atakayejua hayo, na nimemwambia mtoto kwamba akiandika aandike "me". Sarufi ya mtihani ni sare ya shule, lazima uivae. Lakini sare haimpi mtu ruhusa ya kumcheka mtoto kwa nguo alizovaa nyumbani.

Naomba nieleze nimeyajuaje haya.

Nilikwenda Uingereza mwaka 2002, wakati hospitali na nyumba za kulelea wazee za kule zilipokuwa zikiajiri wauguzi wengi kutoka nje. Kiingereza changu nilikuwa nakiamini. Uuguzi nilifundishwa kwa Kiingereza, mitihani nilifanya kwa Kiingereza, mtihani wa lugha wa kuombea usajili nilipasi mara ya kwanza. Nikashuka Newcastle mwezi wa kumi na moja, baridi inauma masikio, nikapanda teksi, dereva akaongea nami kwa dakika ishirini na tano mfululizo, akicheka na kunigeukia. Sikushika hata sentensi moja. Nilidhani ni Mpolandi. Nilipofika nikamuuliza mwenyeji wangu yule dereva ni wa taifa gani. Akasema amezaliwa mtaa wa pili.

Siku yangu ya kwanza kwenye nyumba ya wazee, mwenzangu wa zamu akaniuliza, "Have you brought your bait?" Sasa mimi ni mtoto wa mvuvi. Baba yangu alikuwa akishusha samaki Sahare, na "bait" ni neno la Kiingereza nililolijua tangu sijaanza shule vizuri. Ni chambo. Nikamjibu kwa adabu kwamba hapana, sikuja kuvua. Dada yule akanitazama, akaondoka taratibu. Kumbe kaskazini mashariki kule "bait" ni chakula unachobeba kwenda nacho kazini, na yeye alitaka tu kujua kama nitakula naye saa sita. Wiki hiyohiyo nikamsikia akimwambia msimamizi kwamba mimi ni "canny". Nikaenda kutazama kamusi yangu, nikakuta mtu mwangalifu, mjanja, asiyepoteza pesa. Usiku ule sikulala vizuri. Siku ya tatu tu, nimeshaitwa mjanja! Kumbe Newcastle mtu "canny" ni mtu mwema, mpole, anayependeza kukaa naye.

Lakini kisa ambacho sijakisahau ni cha jamu.

Tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, kutoka machimbo ya Ashington. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, hata akawa anamwita mke wake kwa jina la dada yake. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na kila giza lilipoingia yule mzee alichukua koti lake, akaja kusimama mbele yangu na kusema, "Aa want te gan yem." Kwamba "gan" ni kwenda, nilishaambiwa. "Yem" sikuambiwa. Masikio yangu yakaniletea "jam". Nikasema maskini, mzee wa watu anatamani jamu. Nikaingia jikoni, nikampaka jamu kwenye vipande viwili vya mkate, nikamkatia pembe tatu, nikamletea na chai. Akala, kwa kuwa alikuwa mstaarabu. Kesho yake akaja tena na koti, nikampa tena. Nikaandika hadi kwenye fomu yake ya lishe kwamba mzee huyu hupenda jamu nyakati za jioni. Siku ya sita mpishi, mama wa palepale, akaniuliza mbona jamu inakwisha. Nilipomweleza aliweka mwiko chini. "Yem is home, pet," akaniambia.

Huandikwa "hyem". Wanorwe na Wadenishi ng'ambo ya bahari ile nao husema "hjem" kwa maana hiyohiyo. Mzee alikuwa anaomba kwenda kwao, nami namlisha jamu.

Sikuacha kumpa. Ila tangu siku ile nilivuta kiti nikakaa, nikamuuliza kwao kukoje, mlango una rangi gani, nani yuko jikoni. Akanieleza kwa lahaja yake ya mgodini, nusu nikielewa, nusu nikiitikia. Wachimbaji wa Northumberland na Durham walikuwa na maneno yao wenyewe, hata lahaja yao ina jina, "Pitmatic", maana yake ni mambo ya shimoni. Mtu wa London angekaa pale na yule mzee asingetoka na zaidi ya nilichotoka nacho mimi wa Ngamiani. Nalisema hili kwa sababu nililiona. Daktari wa zamu aliyekuja toka kusini, Mwingereza mtupu, alinigeukia mimi nimtafsirie!

Baada ya kisa hicho, mimi na mwenzangu mmoja Mfilipino tulinunua daftari la jalada la bluu tukawa tunaandika humo kila neno tulilolisikia. Ninalo mpaka leo. Lina doa la "pease pudding", ambayo ni njegere kavu za njano zilizopikwa na kupondwa hadi zikawa kama ugali mwepesi, wao huila na nyama ya nguruwe ndani ya mkate bapa uitwao "stottie". Mimi nilikula na yai. Humo kuna "bairn", mtoto, "netty", choo, "clarts", matope, "spelk", kijiti kinachokuchoma kidoleni. Kuna "divvent", yaani usifanye. Kuna "hoy", tupa; siku moja mgonjwa aliniambia nim-"hoy" taulo, nikadhani ananiita kwa dharau.

Na kuna ukurasa mzima wa majina niliyoitwa. Newcastle niliitwa "pet", mnyama wa kufugwa. Nilipotembelea Glasgow muuza duka akaniita "hen", kuku. Baadaye huko Nottingham nikawa "duck", bata. Kwa kuwa mimi ni mashoto, yule mzee wa Ashington aliniita "cuddy-wifter", na "cuddy" kwao ni punda. Banda zima la mifugo, Mhariri, na yote ni majina ya upendo. Mtu angekuja kuniita bata hapa Barabara ya Ishirini tungefikishana kwa balozi.

Nilihamia Nottingham mwaka 2013, nikidhani sasa nimefuzu. Kutoka Newcastle si mbali, kwa barabara ni pafupi kuliko Tanga na Dar es Salaam. Nikaingia duka la mikate nikaomba "stottie". Dada wa dukani akaniuliza, "A what, me duck?" Nikamwonyesha kwa kidole. "Oh, a cob!" Mkate wa duara unaotosha mtu mmoja, Nottingham na Derby huitwa "cob". Manchester ni "barm", Coventry ni "batch", sehemu za Yorkshire ni "breadcake", na ukibisha unaweza kuchelewesha foleni nzima, maana kila mtu ana la bibi yake. Hata saa za kula hawakubaliani. Kaskazini "dinner" ni chakula cha mchana, na "tea" ni chakula cha jioni chenye viazi na nyama. Mgeni wangu wa London aliyealikwa "tea" alikuja ameshiba, akidhani ni chai na biskuti.

Hata masafa mafupi hayasaidii. Newcastle na Sunderland zimeachana kama kilomita 20, hapo kutoka Tanga mtu hajafika hata Muheza. Newcastle wakishangilia timu yao wanasema "howay", kwa o. Sunderland wanasema "haway", kwa a. Nimeona watu wazima wakikasirikiana kwa irabu hiyo moja. Msomaji wa Simba na Yanga hahitaji nimfafanulie.

Sasa nirudi kwenye tangazo lililobandikwa ubavuni mwa basi dogo la shule ile: "Lafudhi halisi ya Kiingereza." Halisi ipi? Hiyo wanayoikusudia, lafudhi ya wasomaji habari wa zamani na shule za mabwana wakubwa, inasemwa na wachache sana. Mtaalamu wa lugha Peter Trudgill alikadiria kwamba ni kama asilimia 3 tu ya watu wa Uingereza. Hata BBC walipoamua kuisimamia, waliunda kamati ya matamshi mwaka 1926, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo George Bernard Shaw, Mwairishi, na Logan Pearsall Smith, mzaliwa wa Marekani. Wakati wa vita vya pili BBC wakamweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax huko Yorkshire, asome habari za nchi nzima mwaka 1941. Alipowaaga watu wa kaskazini hakusema "good night", alisema "good neet" kama wanavyosema kwao. Barua za malalamiko zikamiminika. Kumbe duara nyekundu hata wenyewe walichorana.

Na walipotaka kujua nchi yao inasemaje, ilibidi waende kuuliza kijiji kwa kijiji. Harold Orton, mzaliwa wa Durham, jirani na Newcastle yangu, aliongoza kazi hiyo kutoka Chuo Kikuu cha Leeds. Kati ya 1950 na 1961 watu wake walizunguka sehemu 313 wakiwa na dodoso la maswali zaidi ya 1,300, wakikaa jikoni na vizee na kuuliza hiki mnakiitaje, na hiki je. Kama mtu wa Leeds alilazimika kwenda kumuuliza mkulima wa Devon anaitaje mashoto, basi mwalimu wa Tanga asione haya kumuuliza mtoto wa Newcastle.

Mwalimu mwenyewe namfahamu, kijana mzuri, ananiamkia kila tukikutana sokoni. Jumamosi huwa kibandani anatazama ligi ya Uingereza. Ningependa afanye jaribio dogo. Jamie Carragher akichambua mpira, afumbe macho asikilize ile k yake inayotoka kooni kama kh. Ni mtu wa Bootle, ubavuni mwa Liverpool. Kisha amsikilize Alan Shearer, mtoto wa Newcastle. Kisha atafute mahojiano ya zamani ya Alex Ferguson wa Govan, Glasgow, ambaye r zake unaweza kuzihesabu moja moja, wakati mtu wa London r ya mwisho haitamki kabisa. Wote watatu wamelipwa pesa nyingi kwa kuongea. Nani kati yao atakatiwa 80,000?

Niseme na jambo ambalo huwa nalifikiria nikiwa peke yangu, nalo si la kitaalamu, ni la mama anayekoroga uji. Kiswahili chetu kimebeba ushahidi wa nani alituletea Kiingereza. Tunasema basi, tunasema bajeti, tunasema raba, tunasema klabu, zote kwa a. Hiyo ni a ya kusini. Wangetujia watu wa Newcastle na Leeds peke yao, leo kondakta angepiga kelele "busi la Muheza!" na Waziri wa Fedha angesoma "bujeti" mwezi wa sita. Tunasema shati na kadi, r imepotelea njiani. Mskoti asingekubali, angetuachia "sharti" na "kardi", na sharti tungekuwa nayo mbili. Kwa hiyo mwalimu anaposema "bas" anasema alichoachiwa na bwana fulani wa kusini kupitia kwa mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Hana kosa. Kiingereza chake cha Kitanzania kinaeleweka Nairobi, kinaeleweka Kampala, kilieleweka hata Newcastle nilipokwenda nacho; wao ndio hawakueleweka kwangu.

Sisi wenyewe haya si mageni. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, akaolewa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa Kimvita. Macho aliita mato, njia aliita ndia, na akikuita usogee alisema, "Ndoo hapa!" Nikiwa na miaka kama ya mjukuu wangu, rafiki yangu wa shule alikuja nyumbani, mama akamtazama kwa upendo akamwambia, "Ndoo mwanangu, ndoo." Rafiki yangu akatoka nje, akaenda kisimani, akarudi na ndoo imejaa maji, ametapakaa hadi magotini. Mama hakumcheka. Alipokea ile ndoo, akamkausha miguu kwa kanga yake, kisha ndiyo akamweleza. Shuleni sasa, mimi nilipoteleza nikasema mato, nilichapwa viboko viwili vya mkononi. Na ujue kwamba uamuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu walikubaliana wakoloni kwenye mkutano wa mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulikuwa huko huko Mombasa. Sina ugomvi na Kiunguja, barua hii naandika kwa hicho hicho. Ila viboko vile bado navikumbuka vilipoangukia.

Sitaki nieleweke vibaya. Kuna mahali ambapo matamshi ni jambo la uzito. Nimefanya kazi zamu za usiku. Ukisikia "fifteen" badala ya "fifty" kwenye dozi ya dawa, mtu anakufa. Ndiyo maana tulifundishwa kurudia agizo kwa sauti kabla ya kulitekeleza, na namba kuisema tarakimu kwa tarakimu. Hilo linafaa kufundishwa watoto: ongea taratibu, tamka mwisho wa neno, hukuelewa uliza, usijibu kama mimi na chambo changu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji u igeuke a.

Ninachoiomba shule ile, na nyingine zenye mabango kama hayo, ni mambo ya kawaida tu. Neno "halisi" lifutwe ubavuni mwa basi, rangi nitanunua mimi. Wazazi waliokwisha kulipa warudishiwe, au pesa hizo zinunue vitabu vya hadithi. Na kwa kuwa shule ina intaneti na spika kubwa ya sherehe, watoto wasikilizishwe Waingereza wa kila pembe, Waskoti, Wairishi, Wajamaika, Wanigeria, wajifunze kusikia. Kusikia ndiko kulikonitesa mimi kule. Kusema kwangu hakukuwahi kunikosesha mkate, hata nilipokosea jina lake.

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni, nikiwa na kanga yangu na lile daftari la bluu kwenye mfuko wa plastiki. Mwalimu alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Tukaongea kama nusu saa. Mwishoni akaniuliza kwa unyenyekevu kabisa, "Sasa bibi, nimfundishe aseme bas au bus?" Nikamwambia, "Baba, wewe mfundishe kusoma. Basi lenyewe litamchukua." Akacheka, lakini hakusema kama duara atazifuta. Akaniomba daftari aende nalo nyumbani. Nilisita, kwa sababu ya yule mwenzangu Mfilipino, ambaye nusu ya mwandiko humo ni wake. Nikampa.

Amelirudisha juzi Jumatano kwa mkono wa mjukuu. Halina mkunjo hata mmoja. Amelisoma lote, naona, kwa kuwa ukurasa wa kumi na mbili kuna duara moja jekundu, kwenye neno "yem". Pembeni yake ameandika, kwa herufi nzuri za kialimu, "home".

Bibi wa mwanafunzi,
Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga